Aliyefunga ni Bi Taratibu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri, Bi Taratibu atavua aproni yake na kuitundika kwenye msumari wa nyuma ya mlango wa chumba cha plasta kwa mara ya mwisho. Ameitumikia hospitali hii miaka thelathini na sita na miezi minne. Ametimiza miaka sitini, na sheria ya kustaafu haijui kubembelezwa.

Kwa kawaida wasifu wa mstaafu huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Kamati ya kumuaga ilimwomba mmoja, naye akamsukumia mwingine, wa tatu akasema, "Mpeni Mama Mashuka, maana hata mkimnyima atasema tu." Mama Mashuka ni mimi, mama yake mzazi. Msidhani nimependelewa. Nilifua mashuka ya hospitali hii miaka ishirini na mitatu, na kati ya hiyo kumi na saba tulifanya kazi jengo moja, mimi na mwanangu. Kwa hiyo mimi ni mwenzake halali. Metroni alinipa masharti matatu: nimwandike kama ninayemtaja mtu mwingine, nisizidishe kurasa, na nisijisifu. La kwanza nitajitahidi. La pili tutaona. La tatu mtanisamehe; shule yenyewe niliimaliza kwa kusukumwa, lakini mtoto niliyemzaa ni huyu.

Naandika kwa mkono mmoja. Wa pili umelazwa juu ya mto kama mgeni wa heshima. Sababu mtaikuta mbele.

Bi Taratibu hakuzaliwa taratibu. Alikuja duniani mkunga hajavua viatu. Utulivu aliuokota baadaye, sijui wapi, maana kwangu haukuwepo. Akiwa na miaka saba mwiko wangu ulivunjika katikati. Nikautupa. Yeye akauokota, akaupachika vijiti viwili pembeni, akauviringishia kitambaa mzunguko kwa mzunguko, akaniambia, "Mama, usikorogee leo. Uache upumzike." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini kesho yake niliukorogea, na niliendelea kuukorogea miaka miwili. Nyuzi za kitambaa tulizila kidogo, hazikumuua mtu.

Aliajiriwa hapa akiwa na miaka ishirini na mitatu. Barua ilisema "Mhudumu". Kazi yake ilikuwa kupiga deki chumba cha plasta, kuleta maji ya uvuguvugu na kufagia lile vumbi jeupe ambalo mimi kule dobini nililijua kuliko sabuni. Fundi wa plasta wakati ule alikuwa Mzee Chokaa, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Siku moja mgonjwa alikuwa anaviringishiwa pamba kabla ya plasta, na mhudumu mpya akasimama na ndoo yake, akatazama, akashindwa kuvumilia. "Mzee, pale kwenye kifundo pamba imepungua." Mzee Chokaa akageuka. Kila aliyekuwepo alidhani ndoo ile itaruka. Mzee akatazama kifundo, akaongeza pamba, akasema, "Weka ndoo chini. Nawa mikono."

Ndivyo alivyoanza. Mzee alimfundisha kwamba plasta mbichi haishikwi kwa ncha za vidole, kwa sababu ncha huacha shimo, na shimo likikauka huchimba kidonda kwenye nyama. "Viganja, binti," alikuwa akimwambia. "Vidole ni vya kuhesabia." Mpaka leo mwanangu hubeba sahani, mtoto mchanga na hata kitabu kwa viganja, kama mtu anayepokea kitu kutoka mbinguni. Mkwe wangu anasema alimpenda kwa sababu hiyo. Vumbi la plasta kitandani alilizoea baadaye.

Mzee Chokaa alipostaafu alipewa saa ya ukutani na cheti cha utumishi. Nilikuwa nimekaa naye kwenye benchi la nje alipokifungua. Miaka thelathini ya kufunga mifupa ya watu, na cheti kiliandikwa "Mhudumu". Kazi ya fundi wa plasta haikuwemo kwenye orodha ya kazi za serikali, na kazi isiyo kwenye orodha haina jina la kuandikwa. Mzee alikisoma, akakikunja mara nne kama karatasi ya kuwashia moto, akakitia mfukoni. Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni, na nilimwona anavyolimeza lile jambo.

Akaenda masomoni mwaka mzima, akajifunza mifupa, mishipa na namna ya kuning'iniza uzito kwenye mguu uliovunjika paja. Alirudi na cheti chenye muhuri. Utawala wakakisifu. "Cheti kizuri sana, dada. Ila kada hiyo kwetu haipo." Wakakitia kwenye faili, na faili likaendelea kusema mhudumu.

Sasa niwaeleze kitu ambacho wengi wenu mnakiona kila siku na hamkitazami. Chumba cha plasta kina daftari kubwa lenye jalada la kijani. Kila mgonjwa ana mstari wake: mfupa gani, upande gani, tarehe. Mwishoni kuna safu mbili za saini. Ya kwanza imeandikwa "Aliyeagiza". Ya pili imeandikwa "Aliyefunga". Asiye na usajili haruhusiwi kutia saini, kwa hiyo daktari alitia saini zote mbili. Madaktari wenyewe hawakupenda, lakini ndiyo ilikuwa kanuni. Matokeo yake, ndugu zangu, ukilifungua daftari lile tangu mwanzo, mwanangu hajawahi kufunga hata kidole gumba.

Yeye hakugomba. Kila plasta ikikauka alichukua kalamu ya wino usiofutika, akachora juu yake mfupa na mahali ulipopasuka, akaandika tarehe ya kufunga na ya kufungua, halafu pembeni akachora sisimizi mdogo. Nilimuuliza kwa nini sisimizi. Akasema, "Mama, ndiye mdudu asiyeulizwa jina."

Jina la Bi Taratibu alipewa na wagonjwa. Mtu anafika anapiga kelele, anataka afungwe upesi aondoke, naye humwambia, "Taratibu. Mfupa hauna haraka." Watu wengine huliita hogo lile gamba jeupe, wakalibeba kama aibu. Yeye huwaambia ni nyumba ya kupanga: utakaa wiki sita, usibomoe ukuta, usiingize kijiti kujikuna, halafu utahama. Kuna dereva mmoja wa lori, jitu la miraba minne, aliyezimia alipouona msumeno wa kufungulia plasta. Bi Taratibu aliuwasha, akaugusisha kwenye kiganja chake mwenyewe, ukatetemeka tu bila kumkata, akamwonyesha. Lile jitu likazimia tena. Mara ya tatu alimwimbia. Simwambii mtu aliimba nini, ila dereva yule bado hupiga honi akipita getini.

Ni yeye pia aliyeanzisha desturi ya benchi. Mgonjwa aliyefungwa haondoki mpaka akae nusu saa nje ya chumba, naye apite ambonyeze vidole kuona kama damu inarudi. Wapo waliolalamika kwamba anawachelewesha. Miaka kumi na moja iliyopita benchi hilo lilimwokoa mshonaji.

Mshonaji huyu alifungwa mkono asubuhi. Dakika ishirini baadaye Bi Taratibu akapita, akambonyeza vidole, vikabaki vyeupe. Vilikuwa baridi. Mshonaji akasema, "Dada, kuna moto humu ndani." Mkono ulikuwa unavimba na plasta haina huruma, haitanuki. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji, tumbo la mtu liko wazi. Bi Taratibu alituma mtu mara ya kwanza, akatuma mara ya pili. Kisha akachukua msumeno, akaipasua plasta yote pande mbili, akakata na pamba mpaka ngozi ikaonekana. Damu ikarudi. Vile vidole ndivyo vilivyoshona gauni atakalovaa Ijumaa, na mkitazama upindo mtajua ni vidole vya namna gani.

Malipo yake yalikuwa barua ya onyo. Kufungua plasta bila amri ya daktari. "Kutenda nje ya mipaka ya kazi," iliandikwa hivyo. Aliisaini kuonyesha ameipokea, na nadhani ilikuwa saini yake ya kwanza katika karatasi yoyote ya chumba kile.

Miaka minne iliyopita Baraza la taaluma za afya lilitangaza kwamba mafundi wa plasta watasajiliwa kama wataalamu, na waliosoma na kufanya kazi muda mrefu wataomba kwa ushahidi na mtihani. Sharti moja: mwombaji awe bado kazini. Siku ya kustaafu mlango unafungwa. Mtihani aliupita, na msiniulize alama, metroni amenikataza, ila walioshindwa walikuwa wengi na yeye hakuwa mmoja wao. Likabaki suala la ushahidi. Baraza lilitaka kuona plasta alizofunga. Daftari likafunguliwa, na daftari likasema hakufunga.

Hapo ndipo miguu yangu ilipoingia kazini. Nilizunguka. Sokoni, kwenye kliniki ya presha, misibani na harusini, nilikuwa naingia nauliza, "Hapa nani aliwahi kuvunjika?" Watu walidhani nimechanganyikiwa. Lakini kila nyumba ina picha ya mtu aliyefungwa mkono akicheka. Nilikusanya picha arobaini na moja, na katika kila moja, ukikaza macho, yuko sisimizi. Daktari bingwa aliandika barua akakiri kwamba saini ni zao ila mikono ni yake. Nikasema yamekwisha.

Kumbe yalikuwa hayajaanza, na aliyeyaanzisha ni mimi.

Wiki sita zilizopita wakaguzi wawili wa Baraza walikuja. Nilikuwa kwenye lile benchi nasubiri kupimwa presha. Wakakaa karibu yangu na mafaili yao, wakaniuliza kwa adabu, "Bibi, huyu fundi wa plasta anafanyaje kazi?" Mtu akiniuliza hilo ni kama kaniuliza kama maji yanalowesha. Nikawaambia! Nikasema mwanangu akiwepo hakuna haja ya daktari. Anavuta mfupa mwenyewe, anachoma sindano ya ganzi mwenyewe, madaktari vijana hujificha nyuma yake, na akitaka hata upasuaji anaweza. Mmoja alikuwa anaandika. Nilimpa nafasi aandike vizuri. Nilirudia ile ya upasuaji.

Wiki mbili baadaye barua ikaja. Ombi limesimamishwa. Pana onyo la zamani kwenye faili, na sasa "taarifa za mazoea ya kutenda nje ya mipaka ya kazi". Mwanangu aliiweka mezani kwangu, akaenda kunawa mpaka viwiko kama kawaida yake, akarudi akakaa. Akaniuliza, "Mama, sindano nilimchoma nani?" Nikaanza kukunja kona ya kitambaa cha meza. Akasema, "Kazi yangu inaanza mahali fulani na inaishia mahali fulani. Daktari huvuta, mimi hufunga. Najua pa kusimama, ndiyo maana wananiamini. Sifa ya kweli inanitosha, Mama. Hiyo ya kuongeza ndiyo inayonivunja." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Metroni aliposikia aliniambia, "Kizuri chajiuza, Mama Mashuka." Nami, kwa mara ya kwanza tangu anijue, nilinyamaza.

Tangu siku ile sijakaa kitako. Mwanangu aliandika maelezo kurasa nne: hili nafanya, hili sifanyi, hili nafanya daktari akiwepo. Aliyapeleka, akarudi kazini, akaendelea kuviringisha pamba. Mimi nilikuwa naamka na kuhesabu siku zilizobaki, ishirini, kumi na mbili, tisa. Nikisikia pikipiki nje nasimama. Chai inapoa, naipasha, inapoa tena. Nilifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Nilimpigia mwanangu simu kazini mara tano kwa siku kumuuliza kama barua imekuja, mpaka akamwachia simu mfagizi, na mfagizi alikuwa akipokea kwa kusema, "Bado, bibi." Kila nilipofumba macho nilimwona Mzee Chokaa anakunja kile cheti mara nne.

Jumanne ya wiki hii, siku tatu kabla ya mwisho, nikasema liwalo na liwe. Maneno ni yangu, nitayafuata mwenyewe niyarudishe. Nikavaa viatu vya kutokea, nikaenda ofisi za Baraza kuwaambia kwamba yule bibi wa kwenye benchi aliongeza chumvi. Ngazi zao zilikuwa zimetoka kupigwa deki. Mtu niliyefua miaka ishirini na mitatu nisijue sakafu yenye maji! Nilikuwa na haraka. Niliteleza ngazi ya nne, nikatanguliza mkono wa kushoto, nikasikia kama kuni inavunjwa.

Karani alitoka mbio. Nilimwambia shida yangu palepale chini, kabla hajaniinua. Akasema, "Bibi, barua ya hospitali yenu imeondoka na tarishi asubuhi hii." Imesemaje? Hakujua, ilikuwa imefungwa. Basi nikapelekwa hospitali na mkono uliopinda kama uma, na wallahi maumivu yale hayakuwa ya kwanza akilini. La kwanza lilikuwa ile bahasha.

Nilimkuta chumbani kwake. Bahasha ilikuwa kwenye mfuko wa aproni, haijafunguliwa. Alikuwa na mgonjwa. Akautazama mkono wangu, akaniuliza, "Mama, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kukufuatia barua."

"Barua hii hapa."

"Basi fungua!"

"Taratibu. Mfupa kwanza."

Mfupa hauna haraka, siku ile mfupa ukawa wa kwanza! Nilimtukana kidogo, wagonjwa ni mashahidi. Daktari bingwa akaja, akaitazama picha ya eksirei, akachoma ganzi, akauvuta mfupa. Yeye ndiye aliyevuta, naandika hili kwa herufi nzito. Mwanangu alisubiri amemshikia kiwiko changu, hakugusa pasipo pake. Kisha daktari akarudi nyuma hatua moja, na yeye akasogea mbele hatua moja, kama watu waliocheza ngoma hiyo maisha yao yote. Pamba. Maji aliyoyapima kwa kiwiko. Bendeji nyeupe, mzunguko kwa mzunguko. Viganja. Nimefua uchafu wa kazi hii miaka ishirini na mitatu, na sikuwahi kujua ni laini hivi.

Akanikalisha benchini nusu saa kamili. Hata mimi. Akanibonyeza vidole, damu ikarudi. Ndipo akatoa bahasha, lakini mikono yake ilikuwa imeganda plasta ya mgonjwa aliyefuata. Akanipa mimi. Nami nina mkono mmoja! Daktari, aliyekuja kunitazama, akaichukua, akaichana, akasoma kwa sauti. Amesajiliwa. Mtaalamu wa Plasta, na namba yake. Na chini, kuhusu ile barua ya onyo, Baraza lilikuwa limeandika sentensi moja: kupasua plasta inayobana ni wajibu wa aliyeifunga. Daktari aliisoma mara mbili. Ya pili aliisoma polepole, maana aliyeandika onyo lile alikuwa yeye.

Aliingia ndani, akarudi na daftari la kijani, akaliweka juu ya benchi kwenye mstari wangu. Akatia saini "Aliyeagiza". Kalamu akamgeuzia mwanangu. Mwanangu alinawa kwanza. Akaishika kalamu, akakaa nayo. Kumbe hakuwa na saini ya daftari lile. Miaka thelathini na sita hakuna aliyemwomba. Akaandika jina lake lote, la kwanza, la baba na la ukoo, kwa herufi za shule, na safu ikamwishia. Mwanangu ambaye hajawahi kuvuka mpaka, jina lake likavuka mstari likaingia ukingoni mwa karatasi. Daktari akasema, "Liache hivyo hivyo."

Atakuwa amekuwa mtaalamu kwa siku nne, tangu Jumanne hadi Ijumaa, na vijana wawili aliowafundisha wataanza pale alipoishia, wakiwa na jina. Cheti chake cha utumishi kimechapwa upya. Nimekiona. Hakikunjwi.

Tunawashukuru wote waliomshikia ndoo, waliompasulia bendeji na waliokubali kukaa kwenye benchi. Wewe mstaafu, tunakuombea siku njema na za afya, mikono ipumzike vumbi, na mkeo wa nyumbani ukupokee safi. Yaani mkeka, metroni, kalamu imeteleza, ni mkono mmoja huu. Nenda taratibu, mwanangu. Sina la kuongeza.

Plasta yangu itafunguliwa baada ya wiki sita na yeyote atakayekuwepo. Ombi ni moja, akate pembeni. Sisimizi hayumo safari hii. Limeandikwa jina.

Aliyeandika: Mama Mashuka, dobi mstaafu.
Aliyefunga: binti yake.